Jina lenye ritifaa si jina batili

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Methali hii kila mwalimu wa Kiswahili ameifunza, na kila mwanafunzi ameitungia insha angaa mara moja. Hata hivyo, ukiiandika katika baadhi ya fomu za mtandao tunazolazimika kuzijaza siku hizi, huenda kompyuta ikakujibu kwamba umetumia alama isiyokubalika. Inalolikataa ni lile neno "hung'ara", kwa sababu ya kialama kidogo kilicho kati ya g na a.

Methali ikikataliwa hatuna haja ya kushtuka, kwani hakuna awasilishaye methali ili apate mkopo wa masomo. Lakini alama hiyo hiyo imo katika majina ya watu: Ng'ang'a, Kang'ethe, Wang'ombe, Nyong'o, Ochieng', Nyang'au, Ng'eno. Hapo ndipo suala linapovuka mipaka ya darasa la sarufi na kuwa suala la haki ya raia.

Ninaloshikilia katika makala haya ni kwamba fomu ya mtandao ni maandishi kama maandishi mengine yoyote. Ina mwandishi wake, ina lugha yake, na imebeba dhana za mwandishi huyo kuhusu watu watakaoijaza. Jina la raia lisipotoshea ndani ya fomu hiyo, kinachostahili kurekebishwa ni fomu. Naam, hili laonekana wazi mno hata halihitaji kusemwa, lakini mambo yanayotendeka kila siku ni kinyume chake.

Chukueni mfano wa Kariobangi, mtaa ulio mashariki mwa Nairobi. Tangu ulipoanzishwa katika miaka ya 1960, Kariobangi umekuwa kituo cha watu waliotoka kila pembe ya nchi, na orodha ya wanafunzi katika darasa lolote la mtaa huo ni ramani ya lugha za Kenya. Leo hii, kando ya barabara na karibu na mzunguko wa Kariobangi, utakuta vibanda vya saiba ambavyo kazi yake kubwa ni kuwajazia watu fomu. Mbao zilizo nje hutangaza huduma hizo moja baada ya nyingine: PIN ya kodi, cheti cha tabia njema, pasipoti, mkopo wa HELB, nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, usajili wa walimu wa TSC.

Siwabezi wahudumu wa vibanda hivyo. Wengi wao ni vijana hodari, nao wamekuwa wakalimani wa taifa bila ya kuajiriwa na taifa. Mzazi asiyekijua Kiingereza hulipa ili asomewe swali, atafsiriwe, kisha aandikiwe jibu. Tatizo ni kwamba mhudumu huyo, fomu inapolikataa jina la mteja, hana mtu wa kumuuliza. Foleni ni ndefu na saa ya mwisho inakaribia. Anafanya lile ambalo yeyote kati yetu angelifanya: anaifuta ritifaa, jina linapita, na mteja anaondoka akiwa na furaha.

Furaha hiyo haidumu. Mwanafunzi wangu mmoja, mkaazi wa upande wa kaskazini wa Kariobangi, alisajiliwa tangu kuzaliwa kwa jina lenye ritifaa. Cheti chake cha kuzaliwa kinayo, na cheti chake cha mtihani kinayo. Fomu ya ofisi moja, ambayo sitaitaja, haikuikubali, nayo ikafutwa kibandani. Miezi michache baadaye ofisi iyo hiyo ilimwarifu kwamba majina yaliyomo katika stakabadhi zake hayaoani na yale aliyoyaandika mwenyewe. Akatumwa kwa wakili kula kiapo. Alilipa fedha ambazo mama yake, muuza mboga, alizikopa, ili aape mbele ya sheria kuwa yeye ni yeye.

Tujiulize, basi, ritifaa hii ni nini hasa hata iwe na uwezo wa kumgawa mtu mmoja kuwa watu wawili?

Katika Kiingereza ritifaa ni alama ya uakifishaji. Huonyesha kwamba herufi imeachwa, au kwamba kitu ni cha fulani. Katika Kiswahili, inapokuja baada ya ng, kazi yake ni tofauti kabisa. Hapo ni sehemu ya herufi. Herufi hizo mbili na alama yake huwakilisha sauti moja, nazali itamkwayo kwenye kaakaa laini, sauti ambayo walimu huiweka katika kundi la ving'ong'o. Jina lenyewe la kundi hilo haliwezi kuandikwa bila ya ritifaa mbili.

Tofauti hiyo si ya masikio ya wataalamu pekee. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshikilia ardhini au ufizini, ilhali ngoa ni shauku au wivu, kama katika kulilia ngoa. Ondoa ritifaa na umebadilisha neno. Kanuni hii ya tahajia tuliirithi kutoka kwa waliosanifisha lugha yetu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ikaendeleza jukumu la kusawazisha maandishi. Ndipo watoto wa Tanga, wa Mombasa na wa Kampala wakafunzwa kuandika ng'ombe kwa namna moja.

Lugha nyingine za nchi yetu zilifuata njia iyo hiyo. Katika Kijaluo, chieng' ni jua, na Ochieng' ni mtoto aliyezaliwa jua likiwaka. Katika Kikuyu, majina kama Ng'ang'a na Kang'ethe hayana maandishi mengine yaliyo sahihi. Anayeiondoa ritifaa hapo hafupishi jina. Anaandika jina jingine, ambalo mzazi hakulitoa na ambalo mwenyewe hataitika akiitwa kwa matamshi yake.

Sasa tuitazame fomu yenyewe, kwa kuwa wengi wetu walimu wa lugha tumezoea kuiogopa kama kwamba ni uchawi. Kurasa za mtandao huandikwa kwa HTML, lugha iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN, Uswisi. Mwanzoni kurasa hizo zilikuwa za kusomwa tu. Visanduku vya kujazwa viliingizwa katika miaka ya mapema ya 1990, navyo vikapata nafasi rasmi katika toleo la pili la HTML, lililochapishwa Novemba 1995. Katika toleo hilo mna kisanduku cha maandishi mafupi, uwanja wa maandishi marefu, vitufe vya kuchagua jibu moja, visanduku vya kutia alama, orodha ya kuchagulia, na kitufe cha kutuma. Fomu tunazozijaza leo bado zimejengwa kwa mambo hayo machache.

Lakini fomu ya HTML peke yake haijui lolote. Ni karatasi tu iliyo mbele ya karani. Karani mwenyewe ni programu iliyomo ndani ya seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayopokea majibu, kuyakagua, na kuyaandika katika hifadhidata. Mwaka huo huo wa 1995, Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa kwa umma zana zake za kutengenezea kurasa, ambazo ndizo zilizokuja kuwa lugha ya PHP. Zana hizo aliziunganisha na nyingine aliyoiita Mkalimani wa Fomu. Kwangu mimi niliye mwanaisimu, jina hilo lina mafunzo makubwa. Tangu siku za mwanzo, mabingwa wenyewe walielewa kwamba kazi inayofanyika kwenye seva ni kazi ya ukalimani, na sote twajua kwamba mkalimani asiyeijua lugha ya mzungumzaji huharibu shauri zima.

Hebu tulifuate jina la Ng'ang'a katika safari yake. Mwenye jina anabonyeza kitufe cha kutuma. Kivinjari kinayakusanya majibu na kuyafunga kwa utaratibu maalumu, ambapo ritifaa hugeuzwa kuwa alama ya asilimia ikifuatwa na 27. Njiani, basi, jina husomeka Ng%27ang%27a. Huu si uharibifu, kwani seva ikipokea huufungua mzigo na kulipata jina kama lilivyoandikwa. Hatari zinaanzia hapo, nazo ni tatu.

Hatari ya kwanza ni ya hifadhidata. Hifadhidata nyingi hupewa maagizo kwa lugha iitwayo SQL, na katika lugha hiyo ritifaa ndiyo alama inayofungua na kufunga maandishi. Mtayarishaji mzembe akilibandika jina la Ng'ang'a katikati ya agizo, kompyuta huona kwamba maandishi yameishia kwenye "Ng", na kwamba yanayofuata ni amri mpya isiyoeleweka. Agizo lote linaanguka. Lililo baya zaidi ni kwamba mtu mwenye nia mbovu anaweza kuutumia mwanya huo kuandika amri zake ndani ya kisanduku cha jina na kuiba au kufuta kumbukumbu. Hila hiyo ilielezwa hadharani mwaka wa 1998, na tangu hapo imewanyima usingizi mafundi wa kompyuta duniani kote.

Hatari ya pili hutokea fomu inaporudishwa. Ukikosea mahali pamoja, seva hukurejeshea fomu ikiwa na majibu yako ili urekebishe. HTML huyafunga majibu hayo ndani ya alama za kunukuu. Iwapo fundi alitumia alama moja moja, kivinjari kikikutana na ritifaa hudhani kuwa jina limekwisha. Ng'ang'a anajikuta ameandikwa "Ng", naye asipotazama vyema, anabonyeza tena kitufe na kuutuma ufupisho huo kuwa jina lake.

Hatari ya tatu haionekani kwa macho. Kwa kompyuta, ritifaa iliyosimama wima na ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe, ni alama mbili tofauti. Ya kwanza ina nambari 39, ya pili ina nambari 8217. Mwanafunzi akisajiliwa kwa moja na mwalimu akamtafuta kwa nyingine, huenda kompyuta ikaapa kwamba mwanafunzi huyo hayupo. Walimu waliokesha mbele ya kompyuta wakiwaandikisha wanafunzi katika mfumo wa NEMIS ulioanza 2017 wanaelewa maana ya kumtafuta mtoto aliye mbele yao darasani asiyepatikana kwenye kompyuta.

Nimezieleza hatari hizi kwa kirefu ili nisije nikadhaniwa ninapuuza ugumu wa kazi ya mafundi. Hofu yao ina msingi. Ninachokipinga ni dawa waliyoichagua. Wengi huandika kanuni fupi inayosema: kubali herufi kuanzia A hadi Z, kataa kila kitu kingine. Kanuni hiyo huchukua mstari mmoja, nayo imewafungia nje maelfu ya wananchi.

Dawa iliyo sahihi inajulikana, haina gharama, na inafunzwa katika vyuo vyetu. Agizo la hifadhidata huandikwa kwanza likiwa na nafasi tupu, kisha jina hupelekwa kando, likiwa ni data tu ambayo haiwezi kamwe kugeuka amri. Jina likirudishwa kwenye ukurasa, ritifaa hubadilishwa kuwa msimbo ambao kivinjari hukionyesha kwa usahihi bila ya kukitii. Ritifaa zilizopinda hulinganishwa na zilizosimama kabla ya kuhifadhiwa. PHP yenyewe iliwahi kujaribu njia ya mkato, ya kuitilia kila ritifaa mkwaju wa nyuma mbele yake, na matokeo yake ni kwamba majina yalichapishwa yakiwa na mikwaju ambayo wenyewe hawakuijua. Waliokuwa wakiisimamia lugha hiyo walitambua kuwa njia hiyo haifai, na mwaka wa 2012 wakaiondoa kabisa. Ikiwa waliobuni zana wameweza kuuacha uzembe, kwa nini wanaozitumia hapa kwetu waendelee kuukumbatia?

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi ufanywe na kivinjari, kwa kuwa HTML ya tangu 2014 ina uwezo wa kukataa kisanduku kitupu au anwani ya barua pepe iliyokosewa kabla hata fomu haijaondoka. Uwezo huo ni wa manufaa, hasa kwa mtu anayelipia kila dakika kibandani. Lakini ukaguzi wa kivinjari unaweza kuzimwa na yeyote mwenye ujuzi kidogo. Uamuzi wa mwisho hufanyika kwenye seva, na kwa hiyo lawama na wajibu pia vinakaa huko, kwa mtu aliyeiandika programu na kwa ofisi iliyoipokea bila ya kuijaribu kwa majina ya wananchi wake.

Ritifaa ni mfano mmoja tu. Tazameni vile visanduku vitatu vya jina la kwanza, jina la kati na "surname". Watafsiri wetu hulitafsiri neno hilo la mwisho kuwa "jina la ukoo". Nawauliza wanafunzi wangu: ni Mkenya gani aliyeandikwa ukoo wake kwenye kitambulisho? Mkikuyu anao ukoo wake na anaujua, lakini ni nadra sana autumie kuwa jina. Msomali huandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Ndivyo afanyavyo Mswahili wa Lamu au Mombasa. Kwao jina la tatu ni la babu, na ndugu wawili wa mama mmoja na baba tofauti hawatalingana. Fomu imeichukua familia ya Kiingereza na kuifanya kipimo cha familia zote. Kisanduku kimoja kinachosema "Andika majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho" kingeliwatosha watu wote hao.

Au mfikirieni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025. Katika jina hilo moja mna irabu mbili zenye alama juu yake, mna "wa" iliyoandikwa kwa herufi ndogo, na mna ritifaa. Jina lililochapishwa katika vitabu vinavyosomwa duniani kote lisingepita katika kisanduku kinachokubali A hadi Z pekee. Irabu hizo zina nafasi yake katika Unicode, mfumo wa dunia wa kuzipa herufi nambari, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1991. Kompyuta imeziweza kwa zaidi ya miaka thelathini. Asiyeziweza ni fundi.

Wala msidhani kwamba shida hii ni ya Waafrika peke yao. Mwaka wa 2013, huko Hawaii nchini Marekani, mwanamke mmoja alilalamika kwamba leseni yake ya udereva ilikuwa imemkata herufi ya mwisho ya jina lake na kuliacha kabisa jina lake la kwanza. Jina lake lilikuwa na herufi 35 pamoja na alama ya ʻokina, ambayo katika lugha ya Kihawaii ni konsonanti kamili, na nafasi iliyowekwa ilikuwa ya alama 35. Alipozidi kushikilia haki yake, serikali ya jimbo ilikubali kuupanua mfumo. Hakuambiwa ajipunguze. Nasi tunastahili mfano huo.

Nakuja sasa kwa lugha ya fomu zenyewe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Tarehe 30 Juni 2023, serikali ilipozindua maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen, ilitangaza pia programu ya simu iliyopewa jina la Gava Mkononi. Jina hilo lilichaguliwa ili lieleweke Kariobangi na Dandora. Ndani ya nyingi ya fomu zinazotolewa na ofisi zetu, hata hivyo, maswali na makaripio ni ya Kiingereza. Mlango una maandishi ya Kiswahili, lakini karani aliye ndani hakizungumzi.

Nimesema makaripio kwa makusudi. Fomu inapolikataa jina, huandika kwa wino mwekundu kwamba jina hilo ni "invalid", yaani batili. Mfikirie msichana wa miaka 18, wa kwanza katika jamii yake kufika chuo kikuu, anayeambiwa na mashine ya serikali kwamba jina alilopewa kwa heshima ya nyanya yake ni batili. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa haliwezi kuwa batili. Hata kama kweli kuna kosa, lugha yetu ina namna ya kumwambia mtu kwa adabu: "Tafadhali angalia tena nambari ya kitambulisho, inaonekana imepungua tarakimu moja." Sentensi hiyo inamweleza mtu kosa liko wapi na alirekebishe vipi.

Najua pingamizi litakalofuata, kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Pingamizi hilo lilijibiwa zamani. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko mzima wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Kuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na makazi ni kazi nyepesi kuliko hiyo. Hata HTML yenyewe ina mahali pa kuitambulisha lugha ya ukurasa, na msimbo wa Kiswahili, sw, umekwisha kusajiliwa kimataifa. Kilichokosekana ni nia.

Pingamizi jingine ni kwamba ninakuza jambo dogo. Naambiwa: futeni ritifaa, maisha yaendelee. Kwa maoni yangu, wanaosema hivyo hawajawahi kusimama kwenye foleni ya wakili. Fundi wa madirisha pale Kariobangi Light Industries huanza kazi kwa kupima tundu la ukuta. Akileta dirisha lisiloingia, hathubutu kumwambia mwenye nyumba abomoe ukuta; hulirudisha dirisha akalikate upya, tena kwa hasara yake. Iwapo fundi wa jua kali anaitambua kanuni hiyo, itakuwaje mhandisi mwenye shahada asiitambue?

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa habari zake zilizo na makosa au za kupotosha. Jina lililokatwa ritifaa na mashine ni habari yenye kosa. Kwa hiyo anayetaka arekebishiwe haombi hisani. Mzigo wa kurekebisha unapaswa kuiangukia ofisi, na kiapo, ikiwa lazima kiwepo, kiapwe na aliyeiandika programu.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi. Tunaposherehekea Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, hotuba na ngonjera hazitoshi. Tuwape wanafunzi fomu halisi za mtandao, tuwaambie waziandike upya kwa Kiswahili sanifu, pamoja na maswali, maelezo na ujumbe wa makosa. Zoezi hilo litawafunza sajili ya ofisi, heshima katika lugha, na tafsiri, kwa wakati mmoja. Tuwakumbushe pia kwamba jina lao likiwa na ritifaa, waiandike wima, na waiandike vivyo hivyo kila mahali.

Kwa walimu wa kompyuta, ombi langu ni fupi. Mwanafunzi anapoleta fomu aliyoitengeneza, msiijaribu kwa John Smith. Ijaribuni kwa Ng'ang'a, kwa Ochieng', kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa mtu mwenye majina matano na kwa mwenye jina moja, kwa nambari ya simu inayoanza na 01 na ile inayoanza na 07. Fomu ikiwakataa hao, mwanafunzi arudi nayo.

Nanyi wanafunzi wa Kariobangi na kwingineko, ambao kesho mtakuwa ndio mafundi wenyewe, kumbukeni kwamba kila kanuni mtakayoiandika kwenye seva itamfikia mtu ambaye hamtamwona uso. Atakuwa ameketi kibandani, amelipa shilingi zake, na ameandika jina lake kama alivyofunzwa na mwalimu wake wa darasa la kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni wa mstari mmoja wa programu. Ukuta wake ni viapo, karo zilizochelewa na nafasi za masomo zilizopotea. Tuuzibe sasa.